Kosa dogo kwenye maombi ya chuo: lipi la kuhangaikia na lipi la kuliacha

Makosa mengi yanayowanyima vijana usingizi baada ya kutuma maombi ya chuo hayana uzito kwa anayechagua. Kata imeandikwa Chumbageni na mwombaji kwao ni Makorora. Sanduku la posta ni la shule aliyomaliza. Jina la mama limekosa herufi moja. Usiku analikumbuka, moyo unamwenda mbio, kukicha yuko mlangoni mwa steshenari anataka kufunguliwa akaunti mpya aombe upya. Kosa la kweli linaingia hapo, kwa sababu mpaka asubuhi ile maombi yake yalikuwa salama.

Sisi tunaokaa na vijana wa Tanga kwenye kazi hii tunaliona jambo hilo kila msimu, tangu matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kwa kawaida Julai, mpaka vyuo vinapofunguliwa Oktoba na Novemba. Tunamwandikia anayeanza msimu, na mzazi wake anayetoa pesa bila kuambiwa sawasawa analipia nini.

Kwanza ujue mfumo unasoma nini. Kuanzia 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na TCU inabaki kuhakiki waliochaguliwa. Ukiomba vyuo vitatu utajaza mifumo mitatu, utalipa ada mara tatu, na utakuwa na nywila tatu za kutunza. Hata hivyo mifumo hiyo imepunguza sana nafasi ya kukosea: ukishaingiza namba yako ya mtihani, jina na alama zinavutwa kutoka NECTA, Baraza la Mitihani. Alama zako huziandiki wewe, kwa hiyo huwezi kuzikosea. Yanayobaki mikononi mwako ni machache, nayo ndiyo yanayobeba mzigo wote: namba ya mtihani na mwaka wake, simu, barua pepe, na kozi ulizochagua na mpangilio wake. Mtaa, kata na sanduku la posta hazimnyimi mtu nafasi.

Namba ya mtihani ndiyo roho ya maombi. Inaanza na S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa mtahiniwa wa kujitegemea, zinafuata tarakimu nne za kituo, tarakimu nne za mtahiniwa, kisha mwaka. Sifuri za mwanzo haziachwi: kituo namba 0334 hakiwi 334, na mtahiniwa 0007 habaki 7 peke yake. Wako pia wanaobonyeza herufi O mahali pa sifuri, na kwenye kioo cha simu hutaiona tofauti hata ukikodoa macho.

Mwaka ndio unaowapoteza wengi zaidi. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba na matokeo yanatoka Januari. Aliyefanya Novemba 2021 aliyaona matokeo yake Januari 2022, akaingia kidato cha tano mwaka huohuo, akamaliza cha sita Mei 2024. Akiulizwa mwaka wa kidato cha nne anajibu 2022, kwa sababu ndio mwaka alioshangilia. Mwaka unaotakiwa ni 2021, wa mtihani wenyewe. Ukiweka 2022, mfumo utasema hauoni matokeo, au utakuletea matokeo ya mtu mwingine mwenye namba hiyo kwa mwaka uliofuata. Jina lisilo lako likitokea kwenye kioo, simama hapohapo. Usibonyeze "endelea" kwa kudhani litajirekebisha mbele ya safari.

Aliyerudia mitihani ana namba zaidi ya moja. Huyo aweke mikao yote, yaani kila mara aliyofanya mtihani, ambayo mfumo unairuhusu, na aandike kwenye daftari ni namba ipi ya kidato cha nne aliyoifungulia akaunti. Sababu yake tutaifikia kwenye mkopo.

Sasa simu na barua pepe. Vijana wengi wa hapa hawajazi maombi nyumbani. Wanakwenda steshenari, Ngamiani au mjini, wanakaa kwenye benchi na mhudumu anajaza. Mhudumu ana watu kumi nyuma, kwa hiyo anaweka barua pepe yake na nywila anayoitumia kwa kila mteja, na pengine namba yake ya simu ili ujumbe wa kufungulia akaunti umfikie haraka. Siku hiyo kazi inakwenda vizuri. Wiki sita baadaye ujumbe wa kuchaguliwa, au namba ya siri ya kuthibitisha chuo, unaingia kwenye simu ya mtu ambaye hata jina lako halikumbuki. Hatuwalaumu wahudumu, wanaokoa vijana wengi wasio na kompyuta. Lakini kabla ya kukaa kwenye benchi lile uwe na barua pepe yako uliyoifungua mwenyewe, nywila yake umeiandika kwenye karatasi, na laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi. Mhudumu akimaliza, mwambie akutolee nakala ya ukurasa wa mwisho wenye muhtasari, uusome namba kwa namba ukiwa bado umekaa. Nakala inauzwa kwa senti chache, na kosa likionekana pale linarekebishwa kabla ya kutumwa.

Kuna wanaohitaji maandalizi zaidi, nao ni vijana walioko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mafunzo ya wahitimu wa kidato cha sita huangukia miezi hiyohiyo ya maombi, na kijana aliyeko Mgambo kule Handeni au Maramba kule Mkinga hana simu mkononi muda wote. Anayemjazia ni dada au mjomba. Kabla hajapanda basi, kijana aache nyumbani namba zake zote za mtihani, picha ndogo, nakala ya cheti cha kuzaliwa, orodha ya kozi kwa mpangilio anaoutaka, na laini ya simu yenyewe, si namba yake tu. Laini ikiwa kambini ndani ya begi, ujumbe utaingia na hakuna atakayeusoma.

Majina ni jambo la pwani hasa, na hofu yake ni kubwa kuliko ilivyostahili. Mtoto mmoja anaitwa Omari kwenye cheti cha kuzaliwa, Omary kwenye cheti cha kidato cha nne, Omar kwenye kitambulisho. Zainabu na Zainab, Mohamedi na Mohamed, Athumani na Athuman, Salehe na Saleh. Mwingine ana majina matatu NECTA na mawili kwenye cheti cha kuzaliwa, au jina la babu limeachwa na la ukoo likakaa mahali pake. Kanuni ni moja: jina la NECTA ndilo la kufuata, kwa sababu ndilo gumu zaidi kubadilika na ndilo mifumo inalolivuta. Usilirekebishe kwenye fomu ya chuo ili lifanane na cheti cha kuzaliwa. Tofauti ya herufi moja au mbili inamalizwa na kiapo mbele ya wakili au mahakamani, kinachoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Jina likiwa limebadilika kabisa ndipo unaingia kwenye hati ya kubadili jina, ambayo inasajiliwa na inachukua muda. Kiapo kiandaliwe mapema, uwe na nakala kadhaa, na uulize bei kabla ya kukaa kitini, maana hazifanani.

Tukija kwenye pointi, hapa wasiwasi una sababu, na ajabu yake ni kwamba wachache wanaoupeleka hapa. NECTA na TCU wanahesabu pointi kwa njia zinazopishana. Kwa NECTA, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na pointi chache ndizo bora: daraja la kwanza la kidato cha sita ni pointi 3 mpaka 9. Kwa udahili, yaani kwa TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, na pointi nyingi ndizo bora. Kiwango cha chini cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. Mchukue kijana wa mchepuo wa HGL mwenye C ya Historia, D ya Jiografia na E ya Kiingereza. NECTA inamwandikia pointi 12, daraja la pili. Kwa udahili masomo yake mawili bora yana 3 na 2, jumla 5. Amevuka kiwango cha chini, lakini hana 12 za kuchagulia kozi yoyote aipendayo. Somo la General Studies haliingii kwenye hesabu hiyo.

Kiwango cha jumla ni mlango wa nje tu, kila kozi ina masharti yake: masomo gani, alama gani, na mara nyingine ufaulu fulani wa kidato cha nne. Yote yamo kwenye mwongozo ambao TCU hutoa kila mwaka, mmoja kwa wenye kidato cha sita na mwingine kwa wenye diploma. Ni kijitabu cha bure mtandaoni. Usitumie cha mwaka jana ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye diploma aombe mapema namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ile inayoitwa AVN, maana bila hiyo maombi yake ya shahada hayaendi. Na aliyemaliza kidato cha nne akitaka afya kwenye vyuo vya serikali, njia yake ni mfumo wa pamoja wa NACTVET.

Kuomba kozi ambayo alama zako hazifiki ni kosa linalokula ada na awamu nzima ya udahili. Tumeona vijana waliojaza kozi tano, zote za ushindani mkali, zote juu ya alama zao, halafu wakalala macho kwa sababu ya herufi iliyokosekana kwenye jina la shangazi waliyemweka kama mtu wa karibu. Weka moja ya ndoto, mbili au tatu unazozifikia vizuri, na moja ambayo una hakika nayo na uko tayari kuisoma. Na usikimbizane na siku ya kwanza ya dirisha la maombi: uchaguzi hufanywa dirisha likishafungwa, kwa ushindani wa alama, si kwa aliyewahi kubonyeza. Siku ya mwisho nayo iache, maana mtandao huelemewa na foleni ya steshenari hufika barabarani.

Malipo yana hofu yake. Namba ya kumbukumbu ya malipo, tunayoiita kontrol namba, ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Isome mbele ya wakala nne nne, yeye akiirudia. Ukilipa na mfumo bado unasema hujalipa, subiri, tunza ujumbe wa muamala, na ikipita siku upeleke kwenye dawati la udahili. Anayelipa tena baada ya nusu saa kwa woga amelipa mara mbili, na kurudishiwa ni safari ndefu.

Maombi ya mkopo ni habari nyingine kabisa. Hapa taarifa za familia tulizosema hazina uzito chuoni zinageuka kuwa na uzito, kwa sababu ndizo zinazopima uhitaji. Ada ya maombi kwa Bodi ya Mikopo imekuwa shilingi 30,000, na kijana asiye na uwezo wa kuilipa mara mbili hana budi kuwa makini mara ya kwanza. Namba ya kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani, akaomba chuo kwa S na mkopo kwa P, kwa mifumo ni watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana maombi ya mkopo na hana chuo. Hili ni kosa la tarakimu chache linaloweza kumweka mtu nje ya posho ya chakula na malazi, ambayo tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, na cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Cha Bara kinahakikiwa na wakala wa usajili, RITA, cha Zanzibar kinahakikiwa na wakala wa usajili wa huko, ZCSRA. Tanga ina watoto wengi waliozaliwa Pemba wakakulia huku, na kila mwaka wapo wanaopeleka cheti cha Wete RITA na kusubiri jibu ambalo haliwezi kuja. Tazama cheti kimetolewa upande gani kabla ya kutuma. Na usingoje matokeo: uhakiki unaweza kufanywa miezi kabla, wakati hakuna msongamano.

Fomu ya Bodi ikishachapwa inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Kinachoharibika hapa ni vitu vya kuonekana kwa macho: muhuri umefunika sahihi, tarehe imeachwa wazi, ukurasa umeskaniwa umelala, picha imepigwa kwa simu kivulini hata maandishi hayasomeki. Fungua faili uliyoipakia, uitazame kama asiyekujua. Mara kadhaa Bodi imetoa siku za ziada kwa wenye mapungufu kama hayo, na majina yao hutangazwa, kwa hiyo endelea kuingia kwenye akaunti hata baada ya dirisha kufungwa.

Wachache wanaoomba nje, hasa Marekani kupitia Common App, mfumo wa pamoja wa maombi, wana hofu ya aina yake, kwa sababu insha isiyozidi maneno 650 ukishaituma kwa chuo huwezi kuivuta tena. Nukta iliyokosewa haimwangushi mtu. Kijana ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu baada ya Kidigo au Kisambaa na Kiswahili asijitese kwa "the" iliyoachwa. Yanayostahili barua ya kurekebisha ni machache: jina la chuo kingine lililosahaulika ndani ya insha, tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku, jina lisilolingana na pasipoti, au alama iliyoandikwa visivyo. Usibadilishe alama zako kuwa za Kimarekani kwa hesabu yako mwenyewe. Ziandike kama zilivyo, na umwombe mwalimu aeleze kwenye taarifa ya shule kwamba kwetu pointi 3 za kidato cha sita ndizo za juu kabisa, maana mgeni akiona 3 atadhani umeshindwa. Insha ambayo bado hujaituma kwa vyuo vingine unaweza kuisahihisha, na hao watapata iliyo safi.

Umeligundua kosa na maombi yameshakwenda. Ingia kwanza kwenye akaunti uone kama bado inaruhusu kuhariri. Mifumo mingi huruhusu mpaka dirisha lifungwe. Ikikataa, jiulize kama kosa linagusa namba ya mtihani, mwaka, simu, barua pepe, kozi au jina lako. Kama haligusi hata kimoja, liache. Kama linagusa, andika ujumbe mmoja tu kwa dawati la udahili, kwa njia iliyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, ukiwa mfupi namna hii:

"Habari za kazi. Naomba kurekebishiwa taarifa kwenye maombi yangu. Jina kamili kama lilivyo NECTA ni (jina). Namba ya mtihani wa kidato cha nne ni (namba). Namba ya maombi ni (namba). Niliandika simu (namba ya zamani). Iliyo sahihi ni (namba mpya). Nimeambatisha nakala ya cheti na risiti ya malipo. Natanguliza shukrani."

Usisimulie ugonjwa wa bibi wala mvua iliyonyesha siku hiyo. Anayesoma anatafuta namba, na akizipata mstari wa pili atakuhudumia upesi. Usitume ujumbe huohuo mara nne kwa siku moja, na usifungue akaunti ya pili: mfumo unaweza kuikataa namba iliyokwisha kutumika, au ukabaki na maombi mawili yanayogongana. Na mtu akikupigia kusema yuko ndani ya ofisi, anaweza kukurekebishia kwa laki moja, kata simu. Kurekebisha herufi hakulipiwi kwenye namba ya mtu binafsi. Matapeli wanajua ni wiki gani vijana wana woga, na wanapiga wiki hiyo.

Majina yakitoka, waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja wanatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Mtu aliyejaza kila kitu bila dosari akiacha siku hizo zipite anaweza kupoteza nafasi. Asiyechaguliwa awamu ya kwanza asitafute herufi iliyomponza. Atazame pointi zake na kozi alizoomba, apange upya, aombe awamu inayofuata kwenye kozi zilizobaki na nafasi. Aliyechaguliwa kozi asiyoitaka anaweza kuomba uhamisho kipindi chake kikitangazwa, kama sifa anazo na nafasi ipo, akihakikisha Bodi nayo inajua mkopo umfuate wapi.

Kabla ya kwenda stendi ya Kange kupanda basi la chuoni, weka kwenye bahasha moja vyeti halisi au taarifa ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, kiapo cha jina kama unacho, risiti zote za malipo, fomu ya uchunguzi wa afya iliyogongwa muhuri, na picha ndogo za kutosha. Bahasha hiyo isiingie buti la basi, ikae nawe kwenye kiti.